Vibao 100 na Wasakaji wa Maneno

Mwekee mchezaji mahiri wa Scrabble herufi A, E, I, N, R, S na T, naye atakutajia RETAINS, NASTIER, STAINER, RETINAS, ANTSIER na RETSINA hata kabla hujamaliza kuzisoma. Akiwa wa daraja la mashindano ataongeza STEARIN, RATINES na ANESTRI. Maneno tisa, herufi saba zile zile. Huenda maana ya hayo matatu ya mwisho haijui, wala haimsumbui. Njia aliyoyapatia ilichukua zaidi ya miaka 40 kuiva, na ndiyo iliyowafungulia mlango watu ambao hawakulelewa kwa Kiingereza.

Chanzo chake ni ukosefu wa kazi. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa New York, aliachishwa kazi mwaka 1931 uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Akaamua kubuni mchezo. Mwongozo aliupata kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, "The Gold-Bug", ambamo mtu anafumbua maandishi ya siri ya haramia kwa kuhesabu alama zake. Alama inayojirudia kuliko zote ni tarakimu 8; basi hiyo lazima iwe E, herufi inayotumika mno katika Kiingereza. Butts naye akachukua magazeti, ukiwamo ukurasa wa kwanza wa New York Times, akaketi kuhesabu herufi moja moja kwa mkono.

Hesabu ile tunaichezea hadi leo. Katika vibao 100, E ina 12, A na I zina tisa kila moja, ilhali Q, Z, J, X na K zina kimoja kimoja. Viwili ni vitupu. Herufi moja tu aliibana kwa makusudi, nayo ni S. Imejaa tele magazetini, lakini akaipa vibao vinne pekee, kwa kuwa S ikibandikwa mwishoni hugeuza majina mengi ya Kiingereza kuwa wingi, na mchezo ungekuwa mteremko. Kwangu mimi ufundi wa Butts uko hapo hasa: alihesabu kwa uaminifu, kisha akajua mahali pa kuiweka hesabu kando.

Kampuni za michezo zilimkatalia. Mwaka 1948 James Brunot alichukua haki za kuutengeneza, akaupa jina la Scrabble, na mwaka uliofuata akatengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Mambo yaligeuka mwaka 1952, duka kubwa la Macy's la New York lilipoanza kuagiza. Muda si muda oda zikamshinda.

Vibao vikawa vimeenea majumbani, lakini orodha ya maneno ya kukubaliana haikuwapo. Mashindano ya Marekani yalitegemea kamusi ya Funk & Wagnalls, na mabishano hayakuisha. Mwaka 1978 kampuni ya Merriam ikachapisha kamusi rasmi ya wachezaji. Neno limo au halimo, basi.

Orodha ikishakuwa moja, inaweza kupangwa upya. Kamusi ya kawaida humfaa anayejua neno linaanzaje, na haimsaidii aliyeshika herufi zilizovurugika. Herufi saba tofauti hupangika kwa namna 5,040, na hakuna anayeweza kuzijaribu zote mezani. Dawa yake ni nyepesi mpaka inashangaza: chukua kila neno, uzipange herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. POST inakuwa OPST. SPOT nayo OPST, STOP na TOPS vilevile. Ukiipanga sasa mifuatano hiyo, maneno ndugu yote yanakutana sehemu moja. Miaka ya 1980 Jon Bentley wa Bell Labs aliieleza mbinu hii kwa waandishi wa programu, nao wachezaji huitumia vichwani: wanapanga vibao kialfabeti, wanaona AEINRST, na maneno yake yanakuja.

Wanapojifunza, wachezaji huanza na shina. Chukua RETINA, uongeze herufi moja moja. P inakupa PAINTER, PERTAIN na REPAINT. G inakupa GRANITE, INGRATE na TEARING. Ni kazi ya jioni nyingi, na anayeifanya hahitaji kuwa amezaliwa London.

Matokeo yapo. Mwaka 2003 Panupol Sujjayakorn wa Thailand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na mwaka 2009 akafuata Mthai mwenzake, Pakorn Nemitrmansuk. Julai 2015 Nigel Richards wa New Zealand, asiyezungumza Kifaransa, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa baada ya kukariri orodha yake.

Novemba mwaka huohuo, mjini Perth, Australia, ikawa zamu ya Afrika. Wanigeria walikuwa wamepiga hesabu zao: badala ya kukimbilia kila mara neno refu la kumaliza vibao vyote saba, walijizatiti kwa maneno ya herufi nne na tano, ili herufi nzuri zibaki kwa zamu inayofuata. Mmoja wao, Wellington Jighere, alimfunga Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa sifuri katika fainali, akawa Mwafrika wa kwanza kuushika ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Neno lililompa pointi 36 katika fainali hiyo lilikuwa FELTY, la herufi tano.