Mama wa Muleba na shamba la ukoo

Tarehe 24 Agosti 1988, mama mmoja wa Kihaya wilayani Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia halali. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, ambaye si wa ukoo wao, alilipa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mwanaume wa ukoo huo akawa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai mauzo yafutwe kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo.

Kwa hiyo kesi maarufu ya ubaguzi wa kijinsia Tanzania haikufunguliwa na aliyebaguliwa. Mama yule aliingia mahakamani akiwa mdaiwa.

Mahakama ya Mwanzo ilimwambia arudishe fedha. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilikuwa wazi. Lakini mwaka 1984 haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba, ingawa serikali ilijipa miaka mitatu, tangu mabadiliko hayo yaanze kutumika, ya kusafisha sheria zake kabla mwananchi hajaruhusiwa kuishitaki kwa haki hizo. Muda huo uliisha Machi 1988, miezi mitano kabla shamba halijauzwa. (Usafi wenyewe haukuonekana sana.) Mahakama ya Wilaya ikamwokoa mama kwa Katiba hiyo hiyo, na Februari 1990, jijini Mwanza, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaitupa rufaa ya mwanaume yule: mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ndugu akitaka shamba, alikomboe kwa 300,000 zile zile.

Ungedhani njia imenyooka. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao, walifungua shauri wao wenyewe Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji walikiri kwamba mila iliyotumika kuwatoa inabagua, kisha wakakataa kuifuta. Rufaa ilingoja hadi 2010, ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya mahakama ya chini. Kosa halikuwa la wajane. Wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo Machi 2015 ikaamua kuwa Tanzania imevunja mkataba, wajane walipwe fidia na sheria zibadilishwe.

Nawe mwenye shauri, ukikabidhiwa nakala ya hukumu, kagua tarehe kabla hujatoka masijala.