Jenomu za Kisumu, Kikohozi cha Tabaka

Mwezi Juni 2021 serikali ya Kenya iliziweka kaunti 13 za eneo la Ziwa, Kisii na Nyamira zikiwamo, katika kundi moja la hatari na kurudisha nyuma mwanzo wa kafyu hadi saa moja jioni, kwa kuwa wagonjwa wa korona walikuwa wakiongezeka na aina ya Delta ilikuwa imethibitishwa Kisumu mwezi uliotangulia. Uthibitisho huo ulitokana na usomaji wa jenomu, yaani kuzibainisha moja baada ya nyingine herufi za kikemikali zipatazo 30,000 zinazobeba urithi wa kirusi hicho, kisha kuzilinganisha na za virusi vilivyosomwa kwingineko. Kwamba Delta ilikuwapo Kisumu hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni uhalali wa Kisumu kuisemea Tabaka, mji wa wachonga mawe ulioko Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii.

Faida ya usomaji wa jenomu haina mpinzani miongoni mwa wataalamu. Ugomvi uko kwenye kipimo cha mafanikio. Makala ya Houriiyah Tegally na wenzake katika jarida la Science mwaka 2022 iliadhimisha kufikiwa kwa jenomu 100,000 za korona barani Afrika, nayo ni hatua ya kujivunia, ila jumla kubwa ina tabia ya kuficha zilikotoka sehemu zake. Nchini Kenya, kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi kilisoma zaidi ya jenomu 1,000 kutoka kaunti sita za Pwani katika mwaka wa kwanza wa janga, na ndiyo sababu nafasi ya Mombasa kama lango la virusi inaelezeka kwa undani. Mti wa nasaba, yaani mchoro unaoonyesha kirusi kipi kimetokana na kipi, hauoti tawi pasipochukuliwa sampuli.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, hautoki kwenye korona bali kwenye RSV, kirusi kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Kilifi, wakiwamo Patrick Munywoki na James Nokes, waliwafuatilia watu 493 wa kaya 47 kwa miezi sita, wakichukua sampuli za puani takribani mara mbili kwa wiki, awe mtu anaumwa au mzima. Ilibainika kwamba watu wengi waliambukizwa bila kuonyesha dalili, na kwamba mara nyingi mtoto mchanga aliletewa maradhi na kaka au dada anayesoma shule. Baadaye Charles Agoti na wenzake walisoma jenomu za sehemu ya sampuli hizo, wakaweza kutenganisha maambukizi yaliyozunguka ndani ya nyumba na yale yaliyoingia upya kutoka nje, jambo ambalo kipimo cha kawaida cha PCR, kinachojibu tu kama kirusi kipo au hakipo, kisingeweza. Nguvu ya utafiti ule haikuwa mashine. Ilikuwa kule kubisha hodi kwa wasiokohoa.

Hapo ndipo Tabaka inapouweka utaratibu wa kawaida mashakani. Ufuatiliaji wa hospitalini humchukulia sampuli mgonjwa aliyelazwa mwenye homa na kikohozi kilichoanza ndani ya siku 10. Mchongaji anayeshinda kwenye vumbi jeupe la mawe ya sabuni, huku nyusi zake zikiwa kama zimepakwa unga, hawezi kutaja kwa urahisi siku kikohozi chake kilipoanza, na homa yake katika nyanda za Kisii huenda ikadhaniwa malaria kwanza.

Wapo watakaosema gharama hairuhusu kuifikia miji kama Tabaka. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetaka maabara kila mji, lakini kijiti cha pamba ndani ya kisanduku cha barafu husafiri, na uchache wa sampuli si aibu mradi zichaguliwe kwa mpango. Ni kweli kwamba korona hubadilika herufi kama mbili tu kwa mwezi, hivyo jenomu haitasema nani kamwambukiza nani sokoni. Itasema kama kirusi kimetoka Kisumu au kwingine, na mpangaji wa kafyu alihitaji kujua hilo hasa.

Wizara ya Afya na Kaunti ya Kisii zianze na sampuli kumi kwa wiki kutoka Tabaka, za wanaokohoa na wasiokohoa, zikisomwa kwa RSV na mafua pia, hata katika miezi ambayo hakuna anayeulizia korona.