Mkondo ni Maji, Mkondo ni Njia

Mkondo ni neno lenye kazi mbili. Ni maji yanayoenda kwa nguvu, na pia ni ile njia ambayo kitu kimepita kikaacha alama, hata kama chenyewe kimeshaondoka. Ndiyo maana mto unaweza kukauka kabisa na mkondo wake ukabaki.

Sisi wa Nakuru tunaishi ndani ya hili neno. Enzi ya ukoloni mji uligawanywa kufuata mteremko: Milimani, huku juu upande wa Menengai, ikawa ya Wazungu, Waafrika wakapangiwa mitaa kama Bondeni. Majina yenyewe yanakuambia maji ya mvua yanatoka wapi na yanaenda wapi. Chini kabisa ni Ziwa Nakuru, na halina mto wa kutokea. Kinachoteremka kinaishia hapo.

Cheki Mto Njoro, unaotoka Mau hadi ziwani. Kiangazi kikikaza, kuna sehemu unavuka na raba bila kulowa. Hapo mwenye haraka anaona ploti, mzee wa mtaa anaona mkondo.

Na lugha za hapa hazijawahi kuficha maji. Nairobi imetokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Mai Mahiu, kwa Kikuyu, ni maji moto.

Tarehe 9 Mei 2018, Bwawa la Patel lilipasuka Solai usiku na kuua zaidi ya watu 40. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla hakujapambazuka, maji yalisomba kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya 40 tena. Mwanzoni ilisemekana ni bwawa. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na mawe, miti na matope. Maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakaachilia. Kule Solai yalizuiwa na bwawa, huku na tuta. Yote mawili ni kazi ya binadamu.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Siku hizi tunaitumia methali hiyo kumshauri mtu aende na wakati. Lakini ichukue pia jinsi ilivyo, kama habari ya maji. Broka akikuonyesha ploti ya bei poa kwenye bonde kavu, usiishie kuuliza hati. Uliza maji yalikuwa yakipita wapi.