Jina Chantal: Si Wimbo, Ni Jiwe

Katika somo la leo twatazama jina Chantal, wanaloitwa wanawake wengi huko Ufaransa, na hata kwa jirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi.

Watu wengi hudhani maana yake ni wimbo, kwa kuwa kuimba kwa Kifaransa ni "chanter". Sauti zafanana, lakini asili si moja. Wataalamu wa majina hulirudisha kwenye neno "cantal" la Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, maana yake jiwe.

Je, jiwe lilipataje kuwa jina la msichana? Kwanza lilikuwa jina la mahali katika jimbo la Bourgogne. Kisha wenye ardhi ile wakaitwa mabwana wa Chantal, na jina la ardhi likawa jina la ukoo. Mwaka 1592 mmoja wao, Christophe de Rabutin, alimwoa Jeanne-Françoise Frémyot, binti wa hakimu wa mji wa Dijon. Mwaka 1601 mume alipigwa risasi kwa bahati mbaya mawindoni, akafa, akamwachia mkewe watoto wanne.

Mjane huyo hakukaa bure. Mwaka 1610, pamoja na Askofu François de Sales, alianzisha shirika la watawa mjini Annecy, katika nchi ya Savoie. Shirika hilo liliwapokea hata wajane na wanawake wenye afya dhaifu. Alipofariki mwaka 1641, nyumba zake zilikuwa zimepita 80. Mwaka 1767 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Basi, wazazi waliotaka kumkumbuka wakawapa binti zao jina hilo. Jeanne ni jina la watakatifu wengi. Chantal lamtaja yeye peke yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 lilienea sana Ufaransa. Kongo, Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Wabelgiji, zililipokea pamoja na majina mengine ya ubatizo ya Kifaransa.

Yafaa tuone jambo moja. Jina lenyewe mama huyu alilipata kwa mumewe, lakini sifa ya jina aliipata kwa kazi yake mwenyewe.

Sasa, katika kikundi chenu, ulizaneni: ni majina gani ya watu hapa kwetu yaliyoanza kuwa majina ya mahali? Kwaherini.