Barabara ya Mweru na Waliokwisha Kuilipia

Kwenye mijadala ya fedha za barabara kuna kauli inayorudiwa mpaka imeonekana haina haja ya ushahidi: barabara hujengwa kwa kodi ya wenye magari, kwa hiyo mwenye gari ndiye mwenye haki ya kwanza juu yake. Mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli wakitengewa njia, wakiwekewa tuta au kivuko, huhesabiwa kuwa wamefadhiliwa. Barabara inayotoka Mansa nchini Zambia, ikapita Mwense na Mwansabombwe kwa mtawala Mwata Kazembe, hadi Nchelenge na Kashikishi ufukoni mwa Ziwa Mweru, inatosha kuipima kauli hiyo. Ukifuatilia nani ameilipia kwa zaidi ya miaka mia moja, utakuta kwamba sehemu kubwa ya muda huo mlipaji alikuwa mtu asiye na gari, na kwamba deni lake bado halijalipwa.

Hadi mwisho wa karne ya 19 gurudumu halikujulikana huku. Msafara wa Mreno Lacerda uliofika kwa Kazembe mwaka 1798, Waswahili na Waarabu waliofuata shaba na pembe, na Livingstone aliyeliona ziwa Novemba 1867, wote walitembea katika vijia vya wenyeji, na mgeni mwenye bidhaa hakutazamiwa kupita mikono mitupu. Hesabu ilipinduka, mlipaji akawa mwenyeji, baada ya 1899, jeshi la Waingereza lilipouchoma mji mkuu wa Kazembe. Kampuni ya British South Africa ilileta kodi ya kibanda, shilingi 3 kwa mwaka, na katika miaka ya mwanzo asiyekuwa na fedha aliweza kuilipa kwa nguvu zake. Njia zilipanuliwa kwa jembe la mkono. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya watu wa kaskazini mwa nchi walibeba vichwani mizigo ya jeshi kuelekea mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kama kulipia barabara ni kutoa jasho ili ipitike, hao walilipa kabla lori la kwanza halijafika.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyoipa barabara hii sura iliyo nayo. La kwanza ni malale. Takriban 1908 hadi 1910 Kampuni iliwahamisha watu kutoka kingo za Luapula na Mweru kwa hofu ya ugonjwa huo, na waliporuhusiwa kurudi baadaye, utawala ulipenda vijiji vikae mahali pa kufikika na kuhesabika. La pili ni samaki. Wagiriki wa Kasenga, ng'ambo upande wa Kongo, walikuwa wakinunua samaki wa pande zote mbili kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, na kuwa karibu na barabara kukawa na faida ya fedha taslimu. Nyumba zikajipanga pande mbili za njia, kijiji kikagusana na kijiji, shule na kanisa vikafuata mstari huohuo. Mtu akitaka kisima, shamba au jirani, anavuka barabara. Hilo halikutokana na uzembe wa watu, kama wanavyodai baadhi ya wanaolalamika kwamba wanavijiji "wameivamia" barabara: walikaa pale ambapo serikali na soko viliwaita.

Baiskeli ndiyo iliyowaingiza watu hawa rasmi katika vitabu vya mapato. Tangu mwaka 1936 mamlaka za wenyeji za Rhodesia ya Kaskazini zilikuwa na hazina zao, na miongoni mwa vyanzo vyake vya fedha, pamoja na faini za mahakama na leseni za bunduki, ilikuwa leseni ya baiskeli. Chombo hicho wakati ule kilikuwa alama ya mtu aliyefanikiwa katika samaki au aliyerudi kutoka migodini, na pia kilikuwa gari la mizigo la bonde zima. Mwenye baiskeli, kwa hiyo, alitozwa kwa kuwa mtumiaji wa barabara, tena kwa leseni yenye jina la chombo chake. Watu hawakupokea kila tozo na kila kanuni kimya: ghasia za Mweru-Luapula za mwaka 1953 zilichochewa na hasira juu ya kanuni za uvuvi pamoja na Shirikisho jipya la Rhodesia na Nyasaland. Wananchi walielewa vizuri kwamba wanatoa, na waliuliza wanapata nini.

Uhuru wa 1964 ulifuatiwa na lami, na lami ikaleta mwendo. Sheria za mwaka 2002 zikaunda mashirika tunayoyajua leo, moja la kusimamia barabara na lingine la kusimamia mfuko wake, ambao nguzo yake ni tozo ya mafuta. Hapo ndipo kauli niliyoanza nayo ilipopata mwonekano wa ukweli: mapato yanahesabiwa kwa lita, na lita huingia kwenye tangi. Mwendesha baiskeli akatoweka katika hesabu. Barabarani, hata hivyo, yupo palepale. Pale Kashikishi, gunia la chisense, dagaa wa Mweru, hufungwa kwa mipira juu ya keria mpaka limzidi mwendeshaji upana. Na kwa kuwa ukingo wa lami umemomonyoka na kando yake ni mchanga, ana chaguo mbili tu, kubaki juu ya lami mbele ya lori au kushuka na kuanguka.

Pingamizi la kwanza ni kwamba, hata kama zamani ilikuwa hivyo, leo mlipaji ni mwenye gari. Lakini tozo ya dizeli haiishii kwenye mfuko wa mwenye lori. Anaihesabu ndani ya nauli ya gunia, na nauli hiyo humpunguzia mvuvi bei au humpandishia mlaji wa Copperbelt. Mama anayesafirisha chisense ameilipa tozo bila kumiliki hata toroli. Juu ya tozo hiyo kuna ushuru wa samaki unaokusanywa na halmashauri sokoni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wilaya maskini iache halmashauri yake ijitegemee, itoe njia za miguu kwa ushuru wake wa samaki. Hapa kalenda ya ziwa inakataa. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua zinazokula kingo za lami na kuziba mitaro. Ushuru hukauka wakati ambao barabara inauhitaji zaidi, kwa hiyo fedha za mahali pekee haziwezi kuitunza. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliopandishwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, ni msaada wa kweli, ila wananchi wakiulizwa wataje hitaji, madarasa na zahanati hushinda, na haki yao. Tena barabara kuu si mali ya jimbo. Njia ya miguu hubaki katikati: mfuko wa barabara unatazama lami, mfuko wa jimbo unatazama jengo.

Watasema wengine kwamba hata ikijengwa, njia ya pembeni itajaa meza za wauzaji na mikeka ya kuanikia samaki. Bila shaka itajaa, ikiwa ni ukanda mwembamba uliochorwa na mhandisi asiyeuona mchana wa soko. Dawa yake ni kupanga eneo la soko pamoja na njia kwa bajeti moja, kazi ambayo halmashauri na mfuko wa taifa hawawezi kuifanya kila mmoja kivyake. Zambia ilikwisha kuandaa mkakati wa usafiri usio wa magari mwaka 2019. Kinachokosekana ni asilimia ya tozo ya mafuta iliyotengwa kisheria kwa mabega ya barabara, vivuko na njia za baiskeli, isiyoweza kuhamishiwa lami pale mwaka unapokuwa mgumu. Kwa barabara ya Mweru, kiasi hicho kitakuwa marejesho ya leseni za baiskeli zilizokwisha kulipwa, kwa kuchelewa miaka mingi na bila riba.