Mtaji wa Mchezoni: Bao, Karata na Korosho katika Uwanda wa Makonde

Desemba iliyopita nilikwenda Masasi kwa dada yangu nikiwa na sanduku la mchezo wa karata nililopewa na mwenzangu wa kazini aliyekuwa masomoni Ujerumani. Mchezo wenyewe unaitwa Dominion. Niliamini wapwa zangu wangeushika kwa dakika kumi kisha wangerudi kwenye simu zao. Waliucheza siku nne mfululizo. Aliyenishangaza zaidi ni mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui, lakini alizikariri karata kwa picha zake, akawauliza wajukuu kila moja inafanya nini, na kufikia jioni ya tatu alikuwa ametufunga mara mbili. Nilipomsifu alijibu, "Mwanangu, hili ni bao tu, ila humli mtu."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na makala haya ni jaribio la kulifikiria kwa jicho la historia.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, maelezo mafupi yatatosha. Dominion ulibuniwa na Mmarekani Donald X. Vaccarino, ukachapishwa mwaka 2008, na mwaka 2009 ukapata tuzo ya Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya mezani inayotolewa huko Ujerumani. Ndio uliozaa aina nzima ya michezo ambayo mchezaji hujijengea fungu lake la karata huku mchezo ukiendelea. Kila mmoja huanza na karata 10 zilezile: 7 ni sarafu za shaba, 3 ni vipande vya ardhi. Kila zamu unashika karata 5, unatumia sarafu ulizojaliwa kununua karata nyingine katika soko lililopangwa katikati ya meza, kisha zote, za zamani na mpya, unaziweka kando. Fungu likiisha unazichanganya upya, na kile ulichonunua kinaanza kukurudia mkononi. Mwisho anashinda mwenye alama nyingi za ardhi. Lakini ardhi hainunui kitu. Kadiri unavyojilimbikizia ushindi, ndivyo mkono wako unavyojaa karata zisizokusaidia na ndivyo mwendo wako unavyopungua, hivyo aliyeachwa nyuma hupata nafasi ya kusogea.

Watu wa familia na wachezaji wa kupitisha muda wanaupenda kwa sababu zinazoonekana wazi. Zamu ni fupi. Hakuna anayetolewa mchezoni akabaki kuwatazama wenzake. Mtoto wa miaka 10 anaanza sawa na profesa. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya mama: unaona chako kikikua mbele ya macho yako bila kumnyang'anya aliyeketi karibu nawe.

Sasa tulitazame bao, ambalo mama alilitumia kama kipimo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Anapoanza huweka 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, hukaa mkononi, na kila zamu huingiza moja. Hatua hiyo ni ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia katika hatua inayoitwa mtaji.

Msomaji mchumi atatabasamu, kwa kuwa neno lililo kinywani mwa wachezaji wa bao ndilo tunalolitumia benki na kwenye vyama vya ushirika. Bao nalo humpa kila mmoja mwanzo sawa, tena wa 10 ileile, na humfundisha kuingiza akiba yake kidogo kidogo na kutoitawanya nyumba kabla ya wakati. Tofauti iko katika chanzo cha faida. Kete za bao daima ni 64, haziongezeki wala hazitoki ubaoni. Ninachokipata ni kile nilichokula kwako. Kwa hiyo bao ni mchezo wa mafundi, wenye watazamaji, vijembe na majina ya kivita, na fundi anaweza kummaliza mgeni katika zamu chache. Kwa wasio mafundi kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete 2 na hakuna kunamua. Hilo ndilo nililolichezea mchangani utotoni, katika vishimo vilivyochimbwa kwa kidole.

Karata zina historia nyingine. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaitwaa Kilwa mwaka 1505, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Karne mbili hizo zimeacha katika lugha yetu maneno ya mambo waliyoyafanya mbele yetu: meza, leso, bendera, gereza. Zimeacha pia karata, pamoja na kopa, uru, shupaza, pau na turufu. Ree na seti ni maneno ya namna hiyo hiyo, na karata zenye sura za watu tukaziita wazungu, jambo ambalo halihitaji maelezo. Anayeshangaa kwa nini mfalme anaitwa mzungu wa nne aende kwenye hesabu za mchezo ambao pwani unaitwa wahedi wa sitini, yaani sitini na moja. Ree ina alama 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla ya kila aina ni 30, na kwa aina nne ni 120. Mwenye 61 amepita nusu, basi ameshinda. Ndivyo Wareno wanavyohesabu hadi leo, pamoja na kioja chao cha saba kumshinda mfalme. Jina la mchezo tumelipa sura ya Kiarabu, majina ya karata ni ya Kireno, na ubishi wa mezani ni wetu wenyewe.

Ni vigumu kufuata nyayo za karata kutoka pwani kwenda bara, kwa kuwa hakuna aliyeziandikia hati. Tunachokijua ni njia ambazo watu walipita. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, nia ikiwa kufika Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji chini ya milima ya mawe. Watu wale waliijua lugha na maisha ya mji wa Unguja. Mwaka 1882 kijiji kilishambuliwa na Wangoni na wakazi wengi wakatawanyika. Baadaye likaja wimbi la vijana waliokwenda kukata mkonge, waliorudi na baiskeli, nguo na mazoea ya kambini. Upande wa pili wa Mto Ruvuma alikuwepo Mreno mwenyewe, na Wamakonde wa Msumbiji waliuvuka mto huo kwa maelfu, hasa baada ya vita vya ukombozi kuanza Septemba 1964. Jozi ya karata inaingia mfukoni. Kwa watu waliohama na kuhamishwa mara nyingi kiasi hicho, hilo si jambo dogo.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo sisi wanaume wa uwandani hatupendi kulisikia. Tunapolisifu bao la barazani kama urithi wetu tunasahau kuuliza nani alikuwa na saa mbili za kuketi. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Masimulizi ya asili aliyoyaandika Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, yanasema watoto wa wazazi wa kwanza walikufa walipokaa karibu na mto, wakaishi walipopanda juu. Wazee walipata usalama huko, na gharama yake ikabebwa kichwani na wanawake, walioshuka magenge hadi mabondeni na kupanda tena na mtungi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakujifunza bao la Kiswahili kwa sababu hakuwahi kuketi kwa muda wa kumaliza mchezo mmoja. Karata alizicheza, kwa kuwa mzunguko wa sitini na moja unaisha kabla sufuria halijachemka. Tunaposema michezo mifupi ni ya "watu wa kawaida", mara nyingi tunawataja, bila kukusudia, watu ambao muda wao una mwenyewe mwingine.

Dola nayo imekuwa na neno lake kuhusu muda huo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakemea wanaume wa vijijini kwa kuipoteza nguvu yao katika porojo, ngoma na ulevi. Bao halikutajwa, na pengine si ajabu, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvukazi, na tangu hapo kila baada ya miaka kadhaa husikika agizo mahali fulani nchini kwamba wanaokutwa wakicheza bao, karata au pool saa za kazi wakamatwe. Nawaheshimu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani. Lakini nawauliza: saa za kazi katika uwanda wa korosho ni zipi?

Mkorosho humfanya mkulima angoje miaka kabla haujamlipa kitu. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, sehemu kubwa kutoka kusini. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwaondoa watu karibu na mikorosho yao na kuwapanga katika vijiji vipya, mashamba yakaota vichaka, moto ukapita. Operesheni haikuwa sababu pekee, kwani bei duni na maradhi ya miti vilichangia, lakini kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi takriban tani 16,000. Babu yangu mzaa mama aliacha mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake saa mbili kwa miguu kutoka nyumba aliyopangiwa. Ndipo alipoanza kushinda barazani na bao lake, na ndipo alipoitwa mzembe.

Kisha ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani akangoja mnada. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kuzisomba, na wakulima wengi wakangoja malipo yao hadi mwaka uliofuata. Mtu aliyekwisha kulima, kupulizia salfa, kuokota na kupeleka ghalani, akaambiwa asubiri, anacheza karata chini ya mwembe. Tunamwona anacheza, hatuoni kwamba amengojeshwa.

Wakati huohuo mashine za kubahatisha zimefika hadi madukani vijijini, na mikeka ya mpira imo katika kila simu. Zina leseni, zinalipa kodi, na sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inazitambua. Anayetaka kuzitetea kwa hoja ya mapato ana haki ya kuitoa. Lakini tusizichanganye na bao. Kwenye kamari hamuanzi sawa, kwani mwenye mashine anajua hesabu yake na wewe huijui. Kinachowekwa ni fedha ya kweli ya ada na unga. Tena mchezo ukiisha hakuna kinachofutwa, deni unakwenda nalo nyumbani. Mezani kwa mama aliyetajirika na aliyefilisika wote hurudishiwa karata 10 wakaanza upya. Nadhani utamu wa michezo hii kwa watu wa nyumba moja uko hapo: mjomba na mpwa, mama na mkwe, wanaruhusiwa kushindana kwa bidii zote katika jambo ambalo halitamwacha mmoja wao maskini kuliko mwenzake asubuhi. Katika jamii yetu, ambayo urithi hupita upande wa mama na mashamba huzaa kesi kati ya mjomba na watoto wa nduguye kila msimu, ruhusa hiyo ina uzito wake.

Sipendekezi halmashauri zinunue masanduku kutoka Ulaya. Sanduku lile ni ghali, na karata zake zimejaa Kiingereza. Ningependa tu afisa anayetia saini amri ya kuwakamata wacheza bao atofautishe kwanza kati ya mchezo unaomla mtu na usiomla, kisha aulize malipo ya ghalani yamefikia wapi.

Niliondoka na sanduku langu, jambo ambalo wapwa zangu hawakulifurahia. Mwezi Februari dada alinitumia picha. Walikuwa wamekata maboksi, wakachora karata zao kwa kalamu ya wino. Sarafu ya shaba imekuwa korosho moja. Ardhi imekuwa shamba la Newala na lina alama nyingi kuliko la Masasi, jambo ambalo mama, mzaliwa wa Newala, bila shaka alilisimamia. Karata moja sikuielewa, yenye mchoro wa nyumba isiyo na madirisha. Nikapiga simu, akapokea mpwa wangu mdogo.

"Hiyo ghala, mjomba," akasema. "Ukiishika, unakosa zamu moja."