Tepu Haifi kwa Uzee, Inauawa na Mkono

Wasee wangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Nikiwa na miaka saba hivi, hapa kwetu Tala, nilifuta sauti ya susu.

Kulikuwa na kaseti moja kwenye kabati ya mama. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za Kakai Kilonzo, yule wa Les Kilimambogo Brothers aliyefariki 1987. Upande wa pili mjomba alikuwa amemrekodi susu akisimulia hadithi za Kikamba, kabla hajatuaga. Mjomba hakuwa mjinga. Alivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili redio ikatae kurekodi juu yake. Lakini vijana wa mtaa walikuwa wamenionyesha ujanja: unakunja karatasi, unaziba kile kishimo, redio inadanganyika. Nikarekodi nyimbo za redioni juu ya susu. Dakika thelathini, kwisha.

Nimeikumbuka hiyo kaseti wiki hii kwa sababu msee mmoja aliniuliza: tepu za bakapu za kompyuta, zile za kutumia tena na tena, hudumu miaka mingapi? Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kusoma sikuacha. Nikajua jibu ni namba moja tu. Kumbe wapi!

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1928, Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipaka unga wa chuma kwenye ukanda wa karatasi, sauti ikashika. Mwaka wa 1951 kompyuta ya UNIVAC ilianza kuandika data kwenye tepu, na IBM wakafuata 1952. Kabla ya hapo data ilitobolewa kwenye kadi, na kadi ukishaitoboa umeitoboa. Tepu unaifuta, unaanza upya. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo hapo ndipo sumu ilipo.

Siku hizi kampuni kubwa hutumia tepu za LTO, zilizoingia sokoni 2000. Watengenezaji huzipa kama miaka 30, mradi zikae mahali pa baridi na pakavu. Lakini hiyo 30 ni ya tepu iliyolala. Ile inayofanya kazi huhesabiwa kwa safari, kama matatu. Kuijaza yote mara moja, inapita kwenye kichwa cha mashine mara nyingi, na kila mara inasuguliwa. Kwa vizazi kadhaa vya LTO, hesabu iliyotajwa ni kuijaza mara 200 hadi 300. Sasa piga hesabu: ukiijaza kila wiki, mwaka mmoja ni mara 52. Miaka minne hadi sita hivi, imechoka.

Halafu kuna mashine. Mashine ya LTO-9, iliyotoka 2021, inasoma LTO-9 na LTO-8 peke yake. Unaweza kuwa na tepu nzima ya zamani, data iko ndani, na hakuna cha kuichezesha. Ni kama ile kaseti yetu sasa. Niambie, ni nani hapa Tala bado ana redio ya kaseti inayofanya kazi?

Na kuna unyevu. Tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na gundi inayonyonya maji ya hewani. Ukizicheza zinanata na kuacha uchafu kwenye mashine. Mafundi huzioka kwa moto mdogo, kama nyuzi 50, ndipo wapate nafasi ya kuzinakili. Sio mchezo.

Fikiria sasa joto la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na studio nyingi za binafsi, kwa hiyo bendi zilirekodi Radio Tanzania. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilipita pale. Muziki wa taifa zima ukabaki kwenye tepu za redio ya serikali, na miaka ya 2010 watu walikuwa bado wanapigia debe zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza.

Lakini oneni, hizo angalau zilihifadhiwa. Adui mbaya zaidi ni mkono. NASA, wale wale waliopeleka watu mwezini 1969, walikubali mwaka wa 2009 kwamba tepu zao za awali za Apollo 11 huenda zilifutwa ili zitumike tena. Tepu zilikuwa haba, mtu akahitaji nafasi. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Hata mimi sikuwa na ubaya, nilitaka tu nyimbo.

Na ikitunzwa, tepu inaokoa. Februari 2011 Gmail ilipoteza barua za watu wengine, nakala kadhaa za mtandaoni zikaguswa na hitilafu ile ile. Google walizirudisha kutoka kwenye tepu, kwa sababu tepu ilikuwa imekaa kando, haijaunganishwa na chochote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tepu hudumu kadiri mtu anavyokumbuka ni nini kiko ndani. Ya kazi za kila wiki, izungushe na uibadilishe mapema. Ya kumbukumbu, andika jina juu yake, funga kile kifunguo cha kuzuia kuandika (LTO pia zinacho, kama vijino vya mjomba), na uihamishie tepu mpya kabla mashine haijapotea.

Na wewe usiye na seva, una simu. Kama shosho au guka bado yuko, mrekodi wikendi hii. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Mama hajawahi kujua ni nani alifuta ile kaseti. Leo atajua. Pole, mama.